Maneno ya Mpagazi

Baba yangu alikuwa mtunzi wa michezo ya kuigiza ambaye hakuacha hata ukurasa mmoja. Nikisema hivyo watu hunitazama kwa huruma, wakidhani karatasi zililowa na mafuriko ya bonde la Jangwani. Hazikulowa. Hazikuwepo. Kikundi chao cha Kariakoo hakikuwa na desturi ya kuandika. Baba aliwakusanya wenzake uani kwetu, akawasimulia kisa chote, kisha kila mmoja akaenda kutafuta maneno yake mwenyewe. Ukishayapata ni yako. Mwenzako akiugua, humsemei. Mnacheza hivyo hivyo, mnamwachia nafasi yake kimya, na watazamaji wanaelewa. Akifa, amekwenda nayo.

Baba amekwenda nayo.

Kisa chake kilichopendwa kuliko vyote kilikuwa cha yule mpagazi ambaye wazee wa mtaani walikuwa wakimsimulia. Alikuwa mmoja wa waliobebeshwa mizigo katika vita ya Mjerumani na Mwingereza, ambao kambi yao ilikuwa hapa hapa soko lilipo. Vita ikaisha, wenzake wakaenda makwao, yeye akabaki anazunguka mitaa na sanduku kichwani, maana hakuna aliyemwamuru atue. Kama ni kweli au porojo, sijui. Ninachojua ni kwamba makao makuu ya serikali yamehamia Dodoma na mafaili yake yote, lakini mpagazi yule kwangu hajahama. Kila nikikatiza Kariakoo namtafuta.

Baba ndiye aliyekuwa mpagazi. Mke wake wa jukwaani alikuwa mama mmoja wa Lindi, mwenye sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya mto.

Mimi mwisho wa mchezo ule sikuwahi kuuona. Ulikuwa ukichezwa Jumapili alasiri, na kila baba alipotokea na lile sanduku, shingo imemkaza, niliangua kilio. Nilikuwa mdogo, nikiona baba yangu anaonewa mbele za watu na watu wenyewe wamekaa wanatazama. Mama yangu alinishika mkono, akanitoa nje, akaninunulia barafu ya ubuyu. Nililia na barafu mdomoni. Makofi ya mwisho niliyasikia nikiwa nje, kwenye ukuta wa ukumbi, midomo myekundu.

Mwaka huu nikapata habari kwamba yule mama wa Lindi anarudishwa kwao, mwanawe amejenga huko. Katika kikundi kile amebaki yeye tu. Nikaona akiondoka kabla hajaniambia mpagazi alimaliza vipi, basi tena, nimekosa moja kwa moja. Nikamfuata Upanga, kwenye fleti ambayo tayari ilikuwa nusu imefungwa kwenye maboksi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umenenepa. Afadhali, ulikuwa unatisha."

Nikamwambia shida yangu. Nataka kujua mchezo uliishaje na baba alikuwa akisema maneno gani.

"Hayo ni ya baba yako," akasema. "Mimi nina yangu."

"Si unayakumbuka lakini?"

"Nayakumbuka. Ndiyo nimsemee marehemu?"

"Basi nipe ya kwako."

"Ya kwangu siyasemi kwenye sofa. Nipeleke ukumbini."

Nikamweleza kuwa ukumbi ulishavunjwa, pamejengwa ghorofa la maduka.

"Mahali penyewe si papo?" akauliza, tayari anatafuta viatu na mkoba.

Ndani ya bajaji alinitembeza mji ambao mimi sikuwa nauona. Kona ile alikaa fundi cherehani aliyecheza Gavana, koti lake la ugavana alilishona kwa pazia. Baraza lile, ambalo sasa ni duka la simu, lilikuwa la bingwa wao wa kucheza walevi, mtu asiyewahi kuonja pombe. Nilikuwa nageuza shingo kila anaponyoosha kidole, naona mabango tu. Roho iliniuma. Ni mji wangu, nimezaliwa humo, nami nauzunguka kama mgeni.

"Bibi, kumbe ulikuwa staa?" dereva akauliza.

"Staa wapi. Tulikuwa tunajulikana."

Pale palipokuwa na jukwaa pana duka la mabegi ya safari. Binti wa duka akatuchangamkia, "Karibuni, yapo ya kuburuta na ya mgongoni." Yule mama akamwambia tunaangalia kwanza. Kisha akavua kandambili zake, akasimama katikati ya mabegi, akaanza.

Sauti haikuwa ile, lakini maneno yalikuwa yake. Alimwita mumewe kutoka mbali, akamuuliza ametoka wapi na vumbi lote hilo. Halafu akanyamaza, akimwachia baba nafasi yake. Akajibu, akanyamaza tena. Katika nafasi moja akacheka, kicheko cha kweli kabisa, cha kushika ubavu. Nikatazama alikotazama. Palikuwa na mabegi tu, yamepangwa kwa rangi. Nilimwonea wivu, sitaficha. Alikuwa anamsikia baba yangu na mimi simsikii.

"Tua, mume wangu," akasema mwishoni. "Vita imeisha. Tua."

Akanyamaza. Nafasi hii haikufanana na zile nyingine, ilikuwa haiishi. Binti wa duka akaacha simu yake. Nje ya mlango kuli mmoja akapita na robota la mitumba kichwani, shingo imemkaza, akipiga kelele, "Njia! Njia!" Nikaangua kilio. Mtu mzima mimi, nina wajukuu.

Mama akavaa kandambili, akanishika mkono, akanitoa nje mpaka barabara ya Msimbazi. Akamsimamisha muuza barafu, akanichagulia ya ubuyu.

"Nimetolewa tena kabla ya mwisho," nikamwambia.

"Hukukosa kitu. Pale mwisho baba yako hakuwa na maneno."

"Sasa ulikuwa unangoja nini muda wote ule?"

"Wewe," akasema. "Enzi zile kilio chako kilikuwa kinapenya ukuta mpaka jukwaani. Mimi namwambia tua, yeye kasimama na sanduku lake, katega sikio. Hatui mpaka unyamaze. Siku nyingine shingo inamtetemeka, maana ulikuwa na pumzi, mtoto wewe! Ukinyamaza tu, huyo, anatua. Watu wanapiga makofi, wanasema jamaa anajua kukaa kimya."

Kilio kikanishinda upya. Barafu ikanichuruzikia mpaka kwenye kiwiko, wapita njia wakanikwepa. Mama hakuniambia ninyamaze. Alisimama pale juani, mkoba wake mzito bado ameushikilia, akanisubiri nimalize.