Chembe Nyeusi Mguuni mwa Sempele

Kila asubuhi, kabla hajapeleka maziwa Kilosa mjini, Naserian alikuwa na kazi mbili: kusafisha vibuyu na kuosha mguu wa mumewe. Vibuyu alivisugua ndani kwa kijinga cha moto, kama alivyofundishwa na mama yake, kisha akavisuuza mpaka vumbi la mkaa likaisha. Mguu wa Sempele ulikuwa umevimba, una vitundu, na humo zilitoka chembe nyeusi.

"Mwiba huo unatoka," alisema mama mkwe wa Naserian, Nasieku, kwa furaha. "Mgunga ulimchoma mwaka juzi, sasa unamong'onyoka. Subirini."

Sempele naye alipenda kusubiri. Mguu haukumuuma sana. Hilo ndilo lililowadanganya wote. "Nikienda hospitali nitarudi na mguu mmoja," alisema. "Ng'ombe atawafuata nani? Wewe, na mtoto mgongoni?"

Siku moja, akimwaga maji ya kibuyu, Naserian alisita. Mkaa ukiusuuza huisha. Sasa mwiba mmoja, mfupi kuliko kidole, utoe chembe mwaka mzima? Akazifunga chembe kwenye kitambaa.

"Yeyo," alimwambia mama mkwe, ameinamisha kichwa, "mwiba huu sasa ungekuwa umetoa mti mzima."

Nasieku alicheka mpaka akakaa chini. Alipomaliza kucheka, hakusema tena "subirini"; alimwambia mwanawe ajiandae kwa safari ya hospitali.

Hospitalini Morogoro, daktari Selestina aliangalia kitambaa, akapiga picha ya mguu, akawaonyesha. Mifupa ya vidole viwili ilikuwa na matundu kama mbao iliyoliwa na mchwa.

"Si mwiba huu, ni fangasi. Mwiba ulimfungulia mlango tu. Ameishi humo, amekula mpaka mfupa."

"Fangasi hawa wa kuwasha vidole?" Sempele aliuliza.

"Ndugu yao mkali."

"Na mguu?" Naserian aliuliza.

"Vidole viwili tutavitoa. Mguu utabaki, akimeza dawa miezi mingi bila kuruka. Mngengoja mwiba uishe, ningekata gotini."

Sempele alimtazama mkewe. "Toeni hivyo viwili."

Dawa alikabidhiwa Naserian, na hakuna siku iliyompita. Vitundu vilifunga kimoja kimoja. Leo Sempele anachunga tena upande wa Mikumi, anachechemea kidogo, kavaa buti. Wenzake wenye makubazi ya tairi humtania: "Vipi, umekuwa askari wa hifadhi?"

"Askari ana miguu miwili," huwajibu, huku akiwapita. "Nami ninayo."