Tanzia Isiyoaminika

Kwa kina Vasta, nguo za marehemu hazirithiwi kabla ya kufuliwa. Matanga yakiisha, mashangazi huzibeba hadi mto Lhubiriha, wakazifua na kuzianika juu ya majani, ndipo zikagawiwa. Kwa hiyo Danieri alipozikwa Bwera na mashati yake yakafuliwa, Vasta aliitazama simu ya mdogo wake huyo akaona kwamba nayo ilistahili kuoshwa. Ilikuwa inakwenda kwa Biira, binti mkubwa wa marehemu, na ndani ya simu ya mwanamume mzima mna mambo ambayo mtoto hapaswi kuyakuta.

Aliipeleka Kasese, kwa Swalik, fundi wa simu jirani na kituo cha teksi, ambaye alikuwa rafiki wa Danieri.

“Nifute yote, mama? Hata ile mtandao yake ya maombi?”

“Yote, Swalik. Mtu akienda, ameenda.”

Swalik aliigeuzageuza simu mkononi kama mtu mwenye neno. Lakini mfiwa habishiwi. Akafuta.

Danieri alikuwa mnunuzi wa kahawa, akipanda milimani na pikipiki yake na kurudi Kasese na magunia. Mitandao mingine ilipofungwa wakati wa uchaguzi, alihamia kwenye mtandao mmoja ambao alisema hauna mwenyewe. Hauna kampuni, hauna mkubwa wa kumfukuza mtu. Kila alfajiri, kabla ya kuwasha pikipiki, alirekodi sala fupi kwa Kiswahili na kuiweka humo. Watu walimsikiliza kutoka Goma, kutoka Kigoma, hata wasichana wanaofanya kazi za ndani Uarabuni. Wengine walimtumia vipande vidogo vya bitcoin kama sadaka, na Swalik akamsaidia kuvigeuza kuwa pesa ya simu. Hakutajirika. Alinunulia kanisa taa ya sola.

Ni yeye aliyemfungulia Vasta akaunti.

“Dada, humu jina si kitu, picha si kitu. Mtu ni ufunguo wake tu, mstari wa siri wa herufi na namba. Ukiupoteza, hakuna ofisi ya kwenda kulia.”

“Na wako umeuandika wapi?”

“Niuandike mwizi ausome? Umo kwenye simu, na simu iko mfukoni.”

Vasta alicheka siku hiyo. Alidhani ni maneno ya vijana. Kisha lori likamkuta Danieri kwenye barabara ya Katunguru, na mambo ya funguo hayakumjia Vasta tena kichwani.

Mwezi wa msiba haujaisha, asubuhi moja hamu ya kusikia sauti ya mdogo wake ilimshika Vasta, akaufungua ule mtandao. Sala za zamani zilikuwapo. Lakini juu yake palikuwa na Danieri mwingine, jina lilelile, picha ileile ya shati la kijani ambalo Vasta aliliona likianikwa mtoni. Huyo Danieri aliandika: “Ndugu zangu, nimepoteza simu pamoja na ufunguo wa zamani. Nifuateni hapa. Nimelazwa, figo zinanisumbua. Niombeeni, na mwenye chochote asinisahau.”

Chini yake watu walikuwa wamekwisha kuomba. Na kutuma.

Vasta aliandika kwa ustaarabu, kama inavyoandikwa tanzia. Kwamba yeye ni Vasta, dada wa Danieri. Kwamba Danieri alifariki kwa ajali na amezikwa nyumbani Bwera. Kwamba anayeomba pesa si yeye.

Mama mmoja wa Kigoma alimjibu: “Dada, usimtakie kifo mtumishi wa Mungu.” Mwingine akaandika: “Kama ni kweli, tuma ujumbe mmoja kwa ufunguo wake wa zamani. Simu si iko kwenu?” Kisha Danieri mpya mwenyewe akaingia: “Msimtukane. Wanaojiita ndugu zangu ni wengi siku hizi. Mimi nimemsamehe.”



Vasta alikwenda kwa mwenyekiti wa LC, baraza la kijiji, akaandikiwa barua ya kifo, ikagongwa muhuri. Huku kwetu barua yenye muhuri wa mwenyekiti hufungua benki, shule, hata mlango wa polisi. Aliipiga picha akaiweka mtandaoni. Wakamcheka. “Muhuri unachongwa kwa mchana mmoja,” mtu alisema. Akaenda kaburini, udongo ukiwa bado mwekundu, akapiga picha ya msalaba wenye jina. Wakamwambia siku hizi mashine inatengeneza hata kaburi.

Alirudi kwa Swalik.

“Niandikie wakubwa wa mtandao huu. Nitatia sahihi.”

“Mama Vasta, kwa ile mitandao ingine ungeandikia Wazungu mwaka muzima, wasikujibu. Hii haina hata Muzungu wa kuandikia.”

“Basi urudishe ule ufunguo.”

Swalik aliweka bisibisi chini. “Nilifuta. Ni wewe ulisema yote.”

“Kwa nini hukuniambia?”

“Ulikuwa na kilio usoni. Ningekuambia nini? Hata Danieri mwenyewe afufuke leo aje hapa, hawezi kurudisha.”

Vasta alikaa kwenye benchi la wateja. Nje makondakta waliitia abiria wa Fort Portal kana kwamba hakuna lililotokea duniani. Alielewa sasa, kipande kwa kipande, kwamba alikuwa ameshika mkononi kitu pekee ambacho kingemtetea mdogo wake, na alikuwa ameagiza kioshwe.

“Pole, mama,” Swalik alisema. “Ile mutu itachoka.”

Haikuchoka. Vasta aliandika tena na tena, hadi waliomsoma wakamfungia mmoja mmoja, na maneno yake yakawa hayamfikii mtu. Alimwomba Mungu amwumbue mwizi. Kila asubuhi alitazama, na kila asubuhi mwizi alikuwa na marafiki zaidi. Mwizi alianza kuzirudia sala za Danieri, sauti yenyewe, akiweka moja kila alfajiri kama zilivyowekwa, na maombi ya pesa yakifuata chini.

Kisha jioni moja akaandika: “Ndugu zangu, Mungu ametenda. Nimetoka hospitalini. Nimepona.”

Shangwe ilijaa. Mama wa Kigoma aliandika kwamba alifunga chakula kwa ajili yake, na sasa ameona mkono wa Bwana. Msichana mmoja wa Uarabuni alirekodi wimbo wa shukrani, na Vasta akaugusa bila kukusudia. Sauti ikajaa chumbani.

Mama yao, aliyekuwa amelala ameuelekea ukuta tangu mazishi, aligeuka.

“Vasta, nani hao wanaimba?”

“Ni watu wa kwenye simu, Mama. Wanamshukuru Mungu.”

“Kwa ajili ya nini?”



“Kwa ajili ya Danieri.”

Mama alifumba macho. “Amina,” alisema, na uso wake ukalegea kwa mara ya kwanza. “Waambie waendelee.”

Vasta aliiweka simu juu ya kitanda, katikati yao, akaiacha iimbe. Alijaribu kusema amina. Midomo ilifunguka, na hakuna kilichotoka.