Mlio Uliotangulia Mbio

Waliokuwa pale mstarini ni Mwalimu Rono na bastola yake ya kuanzishia mbio, Otieno wa filimbi, dada yangu Chebet na wasichana wenzake, na mimi, mkata nyasi wa uwanja huu wa Kiptere. Mshindi wa mita mia nane angesomeshwa bure. Wazazi walipokufa niliacha shule nimlee Chebet, na nafasi yake ilikuwa hii.

Bastola ikakwama, nyundo yake ya kupigia risasi imebaki nyuma. Mwalimu akanipa niishike, akaenda kutafuta nyingine.

"Usiguse kitu, Kiprotich."

Lakini mimi hutengeneza mashine ya nyasi, nikajiona fundi wa kila chuma.

"Darasa la sita lilikushinda, leo ni fundi wa bunduki?" Otieno akanicheka.

"Narudisha nyundo tu."

Nilipaswa kutoa kwanza magazini, kile kisanduku cha risasi, na risasi ya mlio mtupu iliyobaki ndani. Sikutoa. Nilielekeza mdomo chini, nikazuia nyundo kwa kidole gumba chenye jasho, nikabonyeza kifyatulio. Gumba likateleza. Paa!

Wasichana wakachomoka. Otieno akapuliza filimbi, wakarudi wote isipokuwa Chebet. Alikuwa mbele, akadhani kelele zetu ni za kumshangilia. Akamaliza mizunguko yote peke yake, mikono juu.

Mwalimu akarudi na bastola nyingine; mvua ilikuwa inakuja, mbio zikarudiwa upesi kabla Chebet hajapumzika. Akawa wa mwisho.

"Nani alifyatua ile ya kwanza?" akauliza, akihema.

Mwalimu akaninyooshea mkono nimrudishie ile bastola iliyokwama. Chebet akaiangalia mkononi mwangu, kisha akaniangalia mimi.

"Ni sawa, kaka."

Deni hilo bado sijajua nitalilipa kwa kitu gani.