Posa Iliyotoka kwa Mwoaji

Mwishoni mwa miaka ya tisini, kila mwenye chumba cha mbele mjini Mwanza alipokuwa akikigeuza duka, nilifanya kazi katika ofisi ya uchapaji yenye kompyuta moja iliyounganishwa na waya wa simu. Humo nilikuwa nimewafungulia watu kadhaa anwani za barua pepe, zote ndani ya programu moja. Ya kwanza kabisa ilikuwa ya mdogo wangu, fundi wa kuchomelea vyuma huko Igoma, aliyekuwa na sababu nzuri ya kuandika: binti aliyempenda aliishi kwao Morogoro, na baba wa binti huyo, mhadhiri wa chuo, alikuwa na kompyuta nyumbani.

Mambo yalipokomaa tuliteua mshenga, karani mstaafu wa kivuko cha Kamanga, mzee mwenye sauti iliyozoea kushindana na honi. Mhadhiri alikubali posa ipitie kwenye barua pepe, maana safari ya treni ni ndefu, mradi taratibu zifuatwe. Nazo zinajulikana: mwoaji hafungui kinywa mbele ya wakwe; husemewa. Nikamfungulia mzee anwani yake. Akasimama nyuma ya kiti changu, kofia mkononi, akatamka posa kana kwamba wakwe walikuwa wameketi ndani ya kioo cha kompyuta, nami nikaiandika na kuituma.

Jibu lilikuwa fupi: "Kijana, tangu lini mwoaji akajiposea mwenyewe? Kama huna wazee, sema. Mazungumzo yamesimama."

Mdogo wangu alikaa juu ya boksi la karatasi, akashika kichwa. "Dada, nimekwisha! Na mimi hata sikuwepo!"

"Jina langu nimelitia pale chini," mzee alinguruma. "Huyo mkweo hasomi mpaka mwisho?"

Nilifungua nakala ya barua tuliyotuma. Chini lilikuwapo jina la mzee, lakini juu, mahali pa mtumaji, lilikaa jina la mdogo wangu.

"Basi iambie hiyo mashine kwamba mshenga ni mimi."

Nilijiandikia barua ya majaribio. Ikatoka kwa jina la mdogo wangu. Nikaandika nyingine, vilevile. Kisha nikajibu barua iliyomjia mteja mmoja, na hiyo ikatoka kwa jina la mteja, sawasawa kabisa. Hapo nikaelewa. Ukijibu, programu hutumia anwani iliyopokea barua. Ukianza barua mpya, huchukua anwani ya msingi, ambayo kwetu ilikuwa ile iliyofunguliwa kwanza. Hata kumjibu mhadhiri pale pale kungetuzamisha zaidi, kwa kuwa ghadhabu yake ilikuwa imeingia kwa mdogo wangu. Nikabadilisha mipangilio, anwani ya msingi ikawa ya ofisi. Kisha nikaanza barua mpya na kumchagua mzee kwa mkono kwenye mstari wa mtumaji.

"Soma hapo juu pamesemaje," aliniagiza.

Nikasoma jina lake.

"Rudia, binti yangu."

Nikarudia. Ndipo akakubali kutamka maelezo yake, bila haraka, akiomba radhi kwa niaba ya chombo kisichojua mila.

Siku hiyo mdogo wangu hakugusa hata samaki sato niliyemnunulia. Alasiri jibu likaingia kwa mzee, limeanzishwa kama barua mpya: "Mshenga, maelezo yamepokelewa. Kijana hana hatia. Njooni mjitambulishe."

Nilitazama mahali pa mtumaji, nikacheka mpaka nikashika meza. Lilikuwa jina la binti.

"Amenikubali mwenyewe!" mdogo wangu aliruka.

"Kaa chini wewe," mzee akasema. "Binti gani aandike 'maelezo yamepokelewa'? Huyo ni baba yake, na mashine yao ina ugonjwa kama wetu." Kisha naye kicheko kikamshinda. "Huku bwana harusi anajiposea, kule bibi harusi anajikubalia! Mshenga wa kazi gani tena?"

Nilitaka kumwandikia mhadhiri, nimweleze kwa adabu namna ya kurekebisha. Mzee alinishika bega.

"Usithubutu. Hilo tutakaa nalo mpaka siku ya mahari. Wakitupandishia ng'ombe, tunalitoa."

Mdogo wangu aliomba nimchapie nakala ya jibu hilo, aiweke. Nilichapa, na mzee akaiwahi, akaikunja ndani ya kofia, akaivaa.