Sauti Kutoka kwenye Mti wa Duma

Kavezeri alirudi nyumbani jua likiwa limeanza kuchoma, akaegemeza fimbo yake ukutani na kuomba maziwa ya mgando. Mkewe, Inamuua, akamletea kibuyu.

"Ulikuwa wapi tangu alfajiri?"

"Nilikwenda kuangalia ng'ombe."

Ng'ombe walikuwa bado zizini. Inamuua alikuwa anawaona pale alipokuwa amesimama, lakini akanyamaza, maana miaka waliyoishi pamoja ilikuwa imemfundisha kutofukua kila jambo. Kavezeri akanywa, akajifuta masharubu, akasema kifua kinambana kidogo, akajilaza kwenye kivuli cha jiko. Inamuua alipokwenda kumwamsha ale, hakuamka.

Mwili ukapelekwa mochari ya mjini kusubiri ndugu waliokuwa mbali. Magari yakaanza kuingia, mahema yakapigwa, ng'ombe akachinjwa. Inamuua akaketishwa chumbani juu ya godoro, shuka nyeusi begani, wanawake wamemzunguka kwa magauni yao marefu. Mjane haendi popote. Chakula analetewa, maji analetewa, hata habari za mbuzi wake mwenyewe analetewa, na aliyezileta hajui mbuzi hata mmoja kwa jina. Alikuwa mwanamke mrefu, mkimya, aliyezoea kufanya kazi. Kukaa bure kulimuuma karibu sawa na msiba wenyewe. Machozi hayakumtoka. Wanawake waliliona hilo na wakalizungumza wakidhani amelala.

Asubuhi ya pili, mbingu ikianza kupauka, ikasikika sauti kutoka porini upande wa mashariki. Ilikuwa nyembamba, fupi, kali. Fyii. Ikanyamaza. Fyii.

Inamuua akainuka. "Naja," akasema.

"Unakwenda wapi?" Wifi yake Mekupi, dada wa marehemu, alimdaka mkono.

"Ananiita."

Wanawake wakatazamana. Wote walikuwa wanajua. Kavezeri hakuwahi kumwita mkewe kwa jina. Alipomtaka, akiwa zizini au kisimani, alipiga mluzi kwa pengo la meno yake ya mbele, mluzi mwembamba kama huo huo, na Inamuua popote alipo angeacha alichoshika na kwenda.

"Ni ndege, wifi yangu," Mekupi akasema. "Keti."

Sauti ikalia tena. Mekupi akaisikiliza mpaka mwisho, na mkono wake ukaanza kulegea. "Ndege gani huyo," akanong'ona, "asiyehama tawi?"

Asubuhi iliyofuata ikalia palepale. Habari ikafika kwa Mutjavikua, mdogo wake marehemu, ambaye ndiye aliyetunza moto wa mababu. Mutjavikua alikuwa mtu wa tumbo kubwa na maneno mengi, lakini siku hiyo hakutania. Akasema kaka yake hajatulia, kuna kitu anakidai. Akamtoa beberu wake mwenyewe, mnono kuliko wote, akamchinja mbele ya moto, akawaambia wazee waliotangulia wampokee mtu wao na wamwonyeshe mahali pa kukaa.

Kesho yake sauti ikalia tena, dhaifu zaidi. Na safari hii, kutoka upande wa pili wa pori, sauti nyingine ikaitikia.

"Sasa wako wawili," akasema bibi mmoja pale mlangoni. "Baba yake amekuja kumchukua." Mtu akaangusha kikombe cha chai na hakuna aliyeinama kukiokota.

Waliogopa wote isipokuwa Inamuua. Kila alfajiri alikuwa macho kabla ya wengine, akisubiri. Sauti ikija, aliijibu kwa midomo tu, uso ukielekea ukutani. Alimwambia mumewe kwamba mbuzi yule mweupe amezaa pacha. Kwamba binamu yake wa mjini amekuja, amekula nyama siku tatu, na hajaomba hata jembe la kusaidia kuchimba kaburi. Alipomaliza alilala kidogo, na huo ndio usingizi pekee alioupata katika msiba ule.

Wakamzika. Wageni wakakunja mahema. Asubuhi baada ya mazishi sauti ililia mara moja tu, kama mtu aliyekaukwa koo, kisha ikanyamaza. Inamuua akasubiri. Jua likatoka. Akasimama, akajaza chupa ya maji, akafunga shuka yake vizuri.

"Mjane hatoki!" Mekupi akamzibia mlango. "Watu watasema nini?"

"Waache waseme. Amechoka kuita."

Mutjavikua alikuwa nje anavaa viatu. Alipomwona anapita akashika kichwa, kisha akashika bunduki. "Ngoja basi, shemeji! Ukiliwa na chui huko nitawaambia nini watoto wako?"

Wakaingia kwenye miiba. Nyasi zilikuwa za njano, kavu, zinafika kiunoni, na hata pembe za swala hazikuonekana popote. Walipofika kwenye bonde lenye mchanga mweupe Mutjavikua akainama. Kulikuwa na nyayo, nyingi, zinakwenda na kurudi njia ileile. Mbele ya kila unyayo kulikuwa na alama za kucha.

"Mbwa?" Inamuua akauliza.

"Mbwa hapigi hatua ndefu hivi. Na chui huficha kucha zake." Akanyanyuka polepole. "Huyu ni duma. Shemeji, turudi."

Inamuua alikuwa ameshaanza kwenda haraka, maana sasa alijua njia inakokwenda. Ilikwenda kwenye mgunga mkubwa ulioinama, ambao madume ya duma huupanda kutazama mbali na kuacha harufu zao, leo huyu, kesho yule, tangu enzi za baba mkwe wake. Hapo ndipo Kavezeri alipokuwa ameweka kizimba chake cha chuma. Hakuweka chambo. Aliuzungushia mti boma la miiba na kuacha mlango mmoja tu, na mlango huo ulikuwa kizimba. Mwaka uliopita kizimba kilimkamata mbwa wa jirani, ukazuka ugomvi mkubwa, na Kavezeri akamwapia mkewe kwamba hatatega tena.

Miiba ilikuwa imekatwa upya. Majani yake yalikuwa yamenyauka, lakini hayajaanguka.

"Ng'ombe," Inamuua akasema taratibu. "Alikwenda kuangalia ng'ombe."

Ndani ya kizimba alilala duma. Kifua chake kirefu kilikuwa mbavu tupu, na kiuno, ambacho hata kwa duma aliyeshiba huwa chembamba, kilikuwa kama kimefungwa kwa kamba. Kichwa chake kidogo kilikuwa na kidonda pale alipokisugua kwenye chuma. Mkia mrefu ulikuwa kwenye vumbi, ncha yake nyeupe imechafuka. Kutoka kwenye kila jicho ule mstari mweusi ulishuka mpaka mdomoni, kama mtu aliyelia masizi. Akawatazama. Akafungua kinywa, na kwa kuwa duma hana ngurumo, kikatoka kile alichojaliwa.

Fyii.

Nyuma yao nyasi zikatikisika. Duma mwingine akasimama, uso uleule, umbo lilelile, akaitikia. Walikuwa ndugu, kama madume mengi ya duma wanaotembea pamoja tangu mama yao awaache. Mahali alipolala nyasi zilikuwa zimebanwa mpaka ardhini.

Mutjavikua akatazama huku, akatazama kule. "Beberu wangu," akasema. "Nimechinja beberu wangu kwa ajili ya paka!" Kicheko kikamshika, akacheka mpaka akajishika magoti, na kikamkatikia katikati alipomwona shemeji yake.

Inamuua alikuwa ameketi mchangani. Alikuwa analia, kwa sauti, mdomo wazi, kilio ambacho wanawake walikuwa wamekisubiri siku zote zile.

"Nilikuwa na mtu wa kuniita," akasema. "Mutjavikua, nilikuwa bado na mtu wa kuniita."

Shemeji yake akageukia kizimba. Akatia risasi kwenye bunduki. "Sogea kidogo. Nimmalize, nianze na huyu."

"Usipige."

"Hawa ndio waliomla ndama wako mwezi uliopita!"

"Najua."

"Kaka yangu aliwatega kwa ajili yako."

"Kaka yako aliniapia. Kisha akatega, akaja akanywa maziwa yangu, akanidanganya, akafa. Hata nafasi ya kumgombeza hakuniachia. Weka bunduki chini uje uvute kamba ya mlango."

Akamwaga maji kupitia kwenye nyaya. Duma akayalamba mpaka mchanga wenyewe. Wakavuta mlango juu, Mutjavikua akinung'unika muda wote, wakaufunga usishuke, wakarudi nyuma mbali.

Duma hakutoka. Ni ndugu yake aliyekuja, tumbo karibu na ardhi, akamnusa, akamlamba kidonda. Wakakaa hivyo kwa muda mrefu. Hatimaye yule wa ndani akatambaa nje, akasimama, miguu ya nyuma ikimtetemeka. Mnyama ambaye swala akimwona mbio zimeshaisha alikwenda kama mzee anayetoka zahanati, mwenzake akimngoja kila baada ya hatua chache. Nyasi zikawafunika.

Kama aliishi au hakuishi, haijulikani. Mchungaji mmoja alisema ameona duma wawili ng'ambo ya bonde. Mwingine alisema ni mmoja. Inamuua hakuuliza upya kwa yeyote.

Lakini hakuacha kusikiliza. Mvua zilipokuja, na kila mwaka baada ya hapo, zipo alfajiri ambazo alijikuta amesimama mlangoni, shuka begani, neno la kujibu tayari mdomoni, ndipo akakumbuka. Wakati mwingine ni duma, wakati mwingine ndege. Wakati mwingine hakuna kitu, na hizo ndizo alfajiri anazochelewa kurudi ndani.

Binti yake Vezepaune alikuja kumchukua akaishi naye mjini. "Mama, hapa uko peke yako. Kule kuna umeme, kuna kanisa karibu, kuna wajukuu."

"Nitakuja kuwaona."

"Kuwaona siyo kuishi. Kitu gani kinakushika huku?"

Inamuua alikuwa anakamua. Hakuinua kichwa. "Mjini kuna kelele, mwanangu," akasema. "Mtu hasikii chochote."