Nambari Kumi na Nne

Kitabu cha malalamiko cha shule yetu nilikipiga mistari mwenyewe, kwa rula, mwaka nilipofanywa naibu wa mwalimu mkuu. Kina safu tano: tarehe, mlalamishi, mwalimu anayelalamikiwa, kisa, na hatua iliyochukuliwa. Kukijaza ni kazi yangu. Wazazi wengi hawapendi kukiona. Mtu anaingia amewaka, lakini nikishakifungua na kushika kalamu, mara nyingi husema wacha tu, madam, tuongee tu hivi. Malalamiko mengi huishia hapo.

Baba yule hakusema wacha tu.

Alikuja Jumanne, wakati wa mapumziko ya saa nne, akitoka kupima majani ya chai. Kupitia dirishani nilimwona akipangusa gambuti zake kwenye nyasi, moja kisha ya pili, halafu akazivua na kuziacha nje ya mlango. Akaingia na soksi. Moja ilikuwa nyeusi, nyingine ya buluu. Nakumbuka kwa sababu ndizo nilizozitazama alipokuwa akiongea.

"Habari ya asubuhi, madam."

"Nzuri. Karibu kiti."

"Nimekuja kushtaki mwalimu. Wanasema wewe ndio unaandika."

"Ni mimi. Mwalimu gani?"

Alitazama dari kwanza. "Wa Gredi ya Nne."

Mwalimu wa Gredi ya Nne ni mimi. Shule yetu ni ndogo, kila gredi ina darasa moja, na naibu hufundisha kama wengine.

"Huyo ni mimi," nikamwambia.

"Najua ni wewe."

"Basi ni vizuri umwone mwalimu mkuu. Ameenda mkutano Runyenjes, atarudi alasiri."

"Alasiri niko na ng'ombe, madam. Wewe andika. Si kitabu ni cha shule? Ama ni chako?"

Nikaandika tarehe. Nikaandika jina lake. Katika safu ya tatu nikaandika jina langu, kwa mwandiko ule ule ninaoandikia majina ya wengine. Lilikuwa kama jina la mtu niliyewahi kusoma naye zamani.

"Kisa?"

"Mtoto wangu humwiti."

"Simwiti vipi?"

"Kwa jina. Ukiita rejista, ukifika kwake unaruka. Unamwangalia tu, unaweka tiki, unaenda kwa mwingine. Akiinua mkono unasema, 'Wewe wa dirishani.' Nimeuliza watoto wa njia yetu, wote wanasema ni ukweli. Wanafikiri ni adhabu, lakini hakuna anayejua kosa."

Nikaandika: *Mwalimu hamwiti mwanafunzi kwa jina lake.* Nikasoma kwa sauti, akaitikia kwa kichwa.

"Andika pia ya kwamba huyo ni mamangu."

Hilo halikuhitaji maelezo kati yetu. Huku Embu msichana wa kwanza huchukua jina la mama ya babake, na baba haoni mtoto tu pale, anamwona na mamake. Lakini aliendelea kunieleza, polepole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia.

"Mimi siwezi kumwita hilo jina, madam. Mimi namwita mama. Bibi yangu naye anamwita mama, kwa sababu hawezi kutaja jina la mama mkwe ovyo ovyo. Kwa hivyo kwetu nyumbani hilo jina halitajwi. Linatajwa shule na kanisa. Sasa mwalimu akikataa kulitaja, huyu mtoto atajuaje ni lake?"

Nikaendelea kuandika.

"Jumapili ameitwa kanisani, hakuitika. Alikaa tu, kama si yeye. Na jana jioni ameniuliza shosho, huyo nyanya yake, alikosa nini. Ati anataka abadilishiwe jina, apewe la watu wazuri. Mamangu alikuwa ameketi hapo hapo jikoni, anachagua maharagwe. Amesikia yote."

"Akasema nini?"

"Aliendelea na maharagwe yake."

Nikamuuliza angependa shule ifanye nini, kwa sababu hilo ndilo swali linalofuata.

"Umwite. Kama huwezi, Ijumaa nitakuja nichukue barua ya uhamisho. Nitampeleka huko chini Karurumo, hata kama ni kutembea. Amehama mara moja mwaka huu, anaweza kuhama mara ya pili."

Alipiga sahihi, akavaa gambuti zake, akaenda. Sikumwambia sababu. Hakuiuliza, na kitabu changu hakina safu ya sababu.

Sababu ni hii. Nilikuwa na binti mwenye jina lilo hilo. Alikuwa wa kwanza, kwa hiyo alichukua jina la mama mkwe wangu. Mume wangu alimwita mama. Shemeji zangu walimwita mama. Mimi nimezaliwa Kanyakine, upande wa Meru, na nilipoolewa huku nilijifunza mengi, lakini kumwita mtoto niliyemzaa mama kulinishinda. Nyumbani kwetu aliyelitaja jina lile ni mimi peke yangu. Nililitaja mara nyingi kwa siku: aje ale, aje aoge, afunge kuku. Mwaka juzi, likizo ya Agosti, alishikwa na homa ya mapafu. Ilichukua siku nne. Alikuwa na miaka tisa.

Shule ilipofunguliwa nilirudi kazini siku ya kwanza, nikafundisha desimali. Wenzangu walisema nina moyo. Ukweli ni kwamba sikuhisi kitu, na desimali haihitaji mtu ahisi kitu.

Jina lenyewe si la ajabu. Siku ya soko ukiliita kwa sauti watageuka wanawake watatu, na hao hawajawahi kunisumbua. Lakini mwanzoni mwa muhula wa pili aliletwa msichana aliyehama kutoka Kanja, wa miaka tisa, mwenye sweta iliyomzidi mikono. Niliwapanga upya kwenye rejista, akaangukia nambari kumi na nne. Asubuhi ya kwanza nilipofika kwake nilifungua mdomo, hakuna kilichotoka. Nikamtazama. Yupo. Nikatia tiki. Siku ya pili nilifanya vivyo hivyo kwa sababu ndivyo nilivyofanya jana yake. Nilijaribu jina la ubatizo, lakini darasa lile lina wasichana wanne wenye jina hilo, na wote waliitika. Baada ya wiki mbili darasa zima lilikuwa limezoea. Nambari kumi na tatu akishaitika, ninainua macho, ninayashusha, na nambari kumi na tano, mvulana mwenye sauti nzito kuliko umri wake, anasema "Nipo, madam!" hata kabla sijamwita.

Sikuwa nimefikiria juu ya mtoto mwenyewe. Hilo ndilo la kweli zaidi ninaloweza kuandika hapa. Nilijua yuko dirishani, nilijua hesabu zake ni nzuri na mwandiko wake mbaya. Kwamba alikuwa akingoja kila asubuhi, hilo sikulijua.

Jumatano mwalimu mkuu alikisoma kitabu. Ni mtu mkubwa, wa karibu kustaafu, anayepiga chafya kila anaposhika karatasi za zamani.

"Umejishtaki?"

"Nimeshtakiwa. Mimi nimeandika tu."

"Miaka yote hii sijaona mwalimu anapewa makataa na anajiandikia mwenyewe." Akacheka kidogo, kisha akasoma tena na kuvua miwani. Alikuwa kwenye mazishi ya binti yangu. Ndiye aliyesema kwa niaba ya shule. "Ni lile jina?"

"Ndilo."

"Basi hii ni rahisi. Nitamwita huyo mzee nimweleze. Ni mzazi, ataelewa."

"Usimweleze."

"Kwa nini?"

"Akielewa ataondoa malalamiko. Mtoto atabaki bila kuitwa."

Alifuta miwani kwa ncha ya tai. "Niwe naita rejista ya Gredi ya Nne mimi?"

"Na akiinua mkono katikati ya somo?"

Alinimiminia chai kutoka thermosi yake mwenyewe, jambo ambalo huwa halifanyi, na tukanywa tukizungumzia madawati yaliyovunjika.

Siku hiyo jioni nilitaka kujaribu kulitaja jina nikiwa naosha sufuria. Mume wangu alikuwa sebuleni akisikiliza habari kwenye redio, na ukuta wetu ni wa mbao. Sikulitaja. Alhamisi asubuhi nilipita njia ya ndani, kwenye mashamba ya kahawa. Nilipohakikisha hakuna anayechuma, nikalisema. Lilitoka sawasawa, kama jina lolote kwenye orodha. Nikalisema tena, halafu nikatazama nyuma. Nilipofika darasani nikafungua rejista, nikaita hadi kumi na tatu, nikainua macho, nikayashusha.

"Nipo, madam!" akasema kumi na tano.

Ijumaa yule baba alifika kabla ya kengele. Hakuja ofisini. Alisimama kwenye veranda ya Gredi ya Nne, mgongo kwenye nguzo, kofia mkononi. Nilimsalimia, akaitika. Nikaingia, watoto wakasimama, wakaketi. Nikafungua rejista.

Niliita taratibu kuliko siku zote. Kumi na moja. Kumi na mbili. Kumi na tatu.

Kisha nikalitaja.

"Nipo, madam!" akasema kumi na tano.

Darasa lilipasuka kwa kicheko.

"Si wewe!" akapiga kelele msichana wa dawati la mbele. "Kwani umekuwa msichana?"

"Shosho wa watu!" mwingine akamdhihaki, na mvulana akajifunika uso kwa daftari.

Nambari kumi na nne hakuwa akicheka. Alinitazama, kisha akageuka nyuma kuona kama kuna mwingine darasani anayeitwa hivyo. Hakumwona. Akarudisha macho kwangu. Mikono ya sweta ilikuwa imemfika hadi vidoleni, na alikuwa ameishika kwa ndani.

Kicheko kikaisha. Ningeweza kutia tiki, kwa kuwa nilikuwa nimeshaliita na nimeshamwona. Kupitia dirishani, nyuma ya kichwa chake, niliona kofia ya babake ikizungushwa polepole mkononi.

Nikalitaja mara ya pili.

Safari hii nilisikia sauti yangu. Ilikuwa ni ile ya aje ale, aje aoge, juu kidogo mwishoni. Sikuikusudia. Sikujua kwamba bado ninayo.

"Nipo," akasema.

Hakusema madam. Nikatia tiki, nikaita kumi na tano.

"Nimeshasema nipo, madam!"

Wakacheka tena, na nambari kumi na nne naye akacheka, akiwa amefunika mdomo kwa mkono wa sweta. Niliendelea hadi arubaini na moja. Masikio yangu yalikuwa yameziba kama ya mtu aliyeteremka mlima kwa haraka. Zaidi ya hapo sikuhisi kitu. Nilipofunga rejista na kutazama veranda, baba hakuwepo. Nilitoka mlangoni. Alikuwa ameshafika getini, anatembea kama mtu aliyechelewa shambani. Hakuwa ameulizia barua.

Saa nne nilifungua kitabu cha malalamiko. Katika safu ya tano niliandika maneno mawili: *Mwanafunzi ameitwa.* Nikampelekea mwalimu mkuu apige sahihi.

"Ongeza kidogo," akasema. "Mkaguzi akiona hivi atauliza."

"Ndiyo hayo tu."

Aliyasoma tena, akapiga chafya, akapiga sahihi. Nilipokuwa mlangoni akaniuliza kama Jumatatu ningependa aje kuita yeye. Nikamwambia hapana, Jumatatu nitaita mwenyewe, na kwamba nambari kumi na tano itabidi afundishwe upya kungoja.