Jiwe Nililolikalia na Joho

Nakumbuka siku ile niliyohitimu, mdogo wangu, na kila nikiikumbuka mwili hunisisimka. Wiki nzima nilikuwa nimewaza picha tu: nivae tai ipi, jua litakuwa upande gani, watu watasema najiona au la. Mwishowe nikachagua ile bustani ya kando ya ziwa hapa Gisenyi, penye mnara mfupi wa jiwe wa kumbukumbu ya vita vya zamani, vya Wajerumani na Wabelgiji. Bibi yetu alikuwa amevuka mpaka asubuhi kutoka Goma ili anibariki, kama anavyombariki kila mhitimu wa ukoo.

Nikapanda mnara nikiwa na joho langu, nikakaa, chupa ya soda nikaiweka pembeni. Dada yangu Aline alishika simu.

“Kaka, cheka kidogo. Hii si foto ya pasipoti.”

Nikacheka. Ndipo nikamwona Bibi amesimama nyasini bila viatu, mikono kichwani.

“Shuka,” alisema polepole. “We umekalia babu yangu.”

Nilidhani uzee umemzidi. “Bibi, hapa hakuzikwa mutu.”

“Najua. Alibeba mizigo ya basoda, ya askari, katika vita ile, hakurudi. Mama alikuwa ananileta hapa, tunavua viatu, tunamusalimia. Kaburi ingine hatuna.”

Nilishuka, nikainama kulisoma jiwe. Jiweni palikuwa na majina ya maofisa, na chini kabisa maneno machache: pamoja na wapagazi wao. Miaka yote nimepita pale sijayasoma, mimi ninayesoma karatasi ya dawa mara tatu kabla ya kumeza kidonge.

Bibi alikuwa ameshaanza kwenda zake mpakani, bila kunibariki. Nikamkimbilia, nikamwomba radhi.

“Usiombe mimi. Omba yeye.”

Nikarudi, nikavua viatu, nikaligusa jiwe. Nikakwama. Sikujua hata jina lake. Ikabidi nigeuke nimuulize Bibi kule alikosimama, mbele ya watu wote waliokuwa bustanini. Akanitajia, nami nikalitamka kwa sauti. Hapo alirudi, akaniwekea mkono kichwani, lakini hakutabasamu.

Mdogo wangu, niliwaza sana watu watanionaje, sikuwaza nani alikuwa pale kabla yangu. Kabla hujajionyesha mahali, waulize wakubwa wako habari za mahali hapo, na uwaulize wangali hai. Mungu akupe miaka mingi, na akuachie mtu wa kumuuliza.